Usingizi wa Digidigi Dunguni

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa wakilima shamba moja na kuwekeana zamu, Digidigi alipangiwa kuamia ndege. Kazi yenyewe ni kukaa juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti katikati ya mtama, na kupiga debe ndege wakitua.

Lakini Digidigi alikuwa na tatizo. Hata akilala vizuri usiku, mchana usingizi ulimfunika kama shuka. Kichwa chini, ku! Macho, fumbu!

Na kila alipozinduka, mistari miwili ya mtama ilikuwa mitupu.

"Mvivu huyo!" wanyama walisema.

Tembo, mkubwa wao, akamwambia, "Binti yangu, mtama ukipotea tena leo, hutapata hata suke moja siku ya mavuno."

Na Digidigi alikuwa na watoto watatu wa kulisha.

Asubuhi hiyo akaokota bua, akalitazama. Lo! Limekatwa kwa kisu. Ndege gani huyo mwenye kisu? Kisha akakumbuka: juzi jirani yake, Bi Kiboko, aliumwa jino, hakumletea wali na pombe kama afanyavyo kila adhuhuri. Siku hiyo Digidigi alikula kipande cha muhogo, akasinzia kidogo tu, na mtama haukuguswa.

"Ahaa!"

Adhuhuri, huyo Bi Kiboko, puu, puu, puu, sinia la wali wa nazi kichwani, kibuyu cha pombe kwapani.

"Hodi, shoga! Kula ushibe, upate nguvu."

"Ahsante, shoga. Ila desturi waijua: aliyeleta pombe huonja kwanza."

"Haya." Gudu!

"Ah, umeonja povu tu. Utamu uko chini."

Gudu, gudu, gudu!

"Na wali huu, mbona kama una chumvi nyingi?"

"Wali wangu mimi? Toka hapa!"

Bi Kiboko akaonja tonge. Akaonja jingine kuhakikisha. Akaonja mpaka sinia likang'aa.

"Nijinyooshe kidogo tu, shoga..." Khorrr! Khorrr!

Digidigi akajificha kwenye mtama. Kope zake nazo zilikuwa nzito, maana ugonjwa ni ugonjwa. Akanawa uso, akasimama kwa mguu mmoja, akajifinya sikio.

Mara, chaka! chaka! Ngiri akatoka kwenye matete na gunia na kisu.

"Leo Digidigi amekoroma mapema," alijisemea, "tena kwa nguvu! Wali wa leo umekolea." Akaanza kukata masuke.

Ta! ta! ta! ta! Digidigi akalipiga debe mpaka likabonyea. Wanyama wakaja mbio, wakamkuta Ngiri kisu mkononi, kaganda. Na Bi Kiboko, macho bado kafumba, akanung'unika, "Ngiri... gunia langu lijaze zaidi..."

Walicheka mpaka ndege wote wakaruka.

"Tulikuita mvivu," Tembo akasema. "Tusamehe."

"Usingizi ninao kweli, baba," Digidigi akajibu. "Nikishiba sana mchana au nikinywa pombe, ndiyo kabisa. Nipeni wa kunipokea, nilale kidogo, niamke."

Wakampa wawili. Kila adhuhuri Digidigi alijilaza kidogo, huku Bi Kiboko na Ngiri wakipiga debe juani, matumbo matupu.

Hadithi imeshuka dunguni, watoto, na imeacha neno hili: anayesinzia msimwite mvivu kabla ya kuuliza amekula nini, na nani aliyempakulia.