Pointi za Kujibu Salamu

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali zamani hii ya simu za mkononi, palikuwa na kundi la mtandaoni la watu mia tatu waliorithi barua za wazee wao, barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwenye barua aliipiga picha akaituma, na mwenye kujua akamsomea.

Kisha kundi likapoa. Barua ziliingia, wasomaji walinyamaza. Maalim Shekue, mwanzilishi wake, akakosa utulivu. Asubuhi alifungua simu, adhuhuri akafungua, alasiri akafungua tena. Mwisho, mwezi wa Muharramu, akatangaza: "Kila ujumbe una pointi moja. Atakayewazidi wenziwe mwisho wa Rajabu, tutampeleka Umra. Nimeahidi." Wakachanga, ikapatikana tiketi moja.

Maalim alisahau kwamba kwa watu wale, kujibu salamu ni wajibu.

Simu zikaanza kulia, zisinyamaze. Bi Zuwena wa Pangani alijibu kila salamu, akampa pole kila mfiwa. Barua hakusoma hata moja. Akapata pointi elfu mbili.

Mbaruku, mshona kofia wa Mtwapa, aliuliza maswali, na kila swali liliamsha wasomaji ishirini. Akapata elfu moja na mia tisa.

Bi Tatu, mwalimu wa chuo cha Kurani kule Wete, aliinamia barua moja iliyoliwa na mchwa, siku arubaini, kwa kioo cha kukuzia. Akagundua kwamba kisima ambacho wajukuu wa mwandishi walikuwa wakikiuza kiliwekwa wakfu. Kisima hakikuuzwa. Alituma ujumbe mmoja, akapata pointi moja.

Siku ilipofika, Maalim akawaita hao watatu kwenye simu, kundi zima likisikiliza, kila mmoja aseme haki yake.

"Bi Zuwena," akaanza Mbaruku, "mtu akipiga chafya Kigoma, wewe wavuna pointi kwa kumwombea rehema."

"Na wewe mwanangu umeuliza mara nne kama herufi ya nuni ina nukta moja. Hukuwa ukijua?"

"Nilijua. Lakini nani mwingine aliwaamsha waliolala? Bila maswali yangu, hata Bi Tatu asingerudi kundini."

"Kweli, nilirudi kwa kelele zako," akasema Bi Tatu.

Bi Zuwena akasema, "Salamu ikijibiwa na mmoja, wajibu umewaondokea wote. Miezi saba salamu mliniachia mimi, mkijua Zuwena yupo. Mzigo wenu niliubeba mimi. Nina miaka sabini na mmoja, na Al-Kaaba naijua kwa picha ya ukutani."

"Nawe Bi Tatu?" akauliza Maalim.

"Sikusoma kwa ajili ya pointi. Lakini mkiniuliza kama naitamani Makka, nikikana nitakuwa mwongo."

Maalim akaifunga simu, akaifungua. Wakala wa safari alitaka jina kabla ya sala ya Ijumaa, na jina likishaandikwa halibadilishwi. Akawaza: nikimpa mwenye pointi nyingi, kesho tutabaki watu mia tatu tukisalimiana, na barua zitaliwa na mchwa. Nikimnyima, nimevunja ahadi, na ahadi ni yenye kuulizwa.

Sasa muadhini ameshakohoa kwenye kipaza sauti, na wakala angali kwenye simu, anangoja. Je, enyi mnaonisikiliza, Maalim alitaje jina la nani?