Idhini ya Mwanaisha

Hapo zamani, wala si zamani za kale, maana kompyuta zilikwisha kuingia majumbani, Mzee Shekue wa Tanga alikuwa anamwoza bintiye Mwanaisha. Binti yuko Maskati kazini, ataongea nao kwa kompyuta. Bwana harusi, kadhi na wageni wako sebuleni kwa mzee.

"Simwozi mpaka anipe idhini kwa kinywa chake," mzee akasema.

Mila ndiyo hiyo. Lakini masikio ya mzee yamechoka: nusu ya maneno huyasikia, nusu huyasoma midomoni. Na kwenye kompyuta ile midomo ya binti ilitangulia, sauti ikafuata nyuma, tena imekatikakatika. Mzee akatikisa kichwa. "Simwelewi mwanangu!"

"Basi atuandikie," mtu akashauri.

"Akuandikie wewe! Mimi nataka kumsikia."

Mfumo wa kompyuta ile ulitengenezwa na vijana watatu wa mtaani: Chande, Faki na Msellem. Programu ya kuendesha picha aliiandika Msellem, na ujana wake wote uliishia humo. Wakaitwa mbio.

Chande akazima picha: sauti safi. Akazima sauti: picha safi. Akawasha zote: vurugu. "Kila moja peke yake nzima," akasema. "Zikikutana, picha inaing'ang'ania mashine, sauti inakosa nafasi."

Faki akakaa kuzipangia zamu. Mashine ikazima. Akapanga tena, ikazima tena. Wageni wakaguna, jasho likamtoka. Akapanga tena, zamu zikashika. Lakini picha ilikuwa nzito, zamu yake inakwisha kazi haijakwisha.

"Msellem," Faki akasema taratibu, "punguza mapambo ya picha yako."

Jamani! Mnunuzi aliyekuja Tanga kuinunua programu hiyo kwa ajili ya mapambo yake alikuwa palepale, kakaa na wageni. Msellem akamtazama, akamtazama mzee, moyo ukamuuma kweli. Akafuta vivuli, akafuta rangi, akafuta kazi ya miaka. Picha ikabaki imepauka. Mnunuzi akavaa viatu, akaenda zake.

"Baba, nimeridhia," Mwanaisha akasema, kinywa na sauti pamoja.

Mzee akalia mbele za watu. Kisha akamwambia kadhi: "Shahidi mmoja ni ndugu yangu. Wa pili awe yule aliyenifikishia kauli ya mwanangu."

"Nisingeuona ugonjwa, mngetibu nini?" akauliza Chande.

"Kuuona ugonjwa si kuponya," akasema Faki. "Aliyeponya ni mimi."

Msellem alikuwa bado anautazama mlango aliotokea mnunuzi. "Ninyi mlitoa ujuzi, na ujuzi mnao bado," akasema. "Mimi nilichotoa sinacho tena. Ila msisahau, picha iliyomziba binti ilikuwa yangu."

Kadhi kanyanyua kalamu, nafasi ya shahidi iliyobaki ni moja, na bwana harusi anasubiri. Haya, ninyi mnaojua kuhukumu, msiangaliane: je, nani alistahili kukaa pale?