Kiti cha Kushoto

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, enzi ambazo gari lenye turbo likipita Korogwe watu waliacha vyakula vyao mezani wakatoka kulitazama, aliishi mzee mmoja aitwaye Shekiondo. Ujanani alikuwa dereva wa mashindano. Uzeeni alibaki na gari lake lile lile la mbio, jekundu, fupi, la viti viwili tu: kulia dereva, kushoto mwenzake. Mwenzake huyo, Mhina, aliyekuwa akimsomea kona za mbele kutoka daftarini, alikwishafariki. Kiti cha kushoto kikajaa vumbi.

Shekiondo alikuwa na hadithi moja, na mtaa mzima uliijua. Alisema gari lile likipanda mlima wa kwenda Lushoto, kwenye kona ya mwisho kabla ya Soni, turbo hupiga mluzi mwembamba, mtamu, ambao nje hausikiki. Husikika ndani tu, tena upande wa kushoto. Watu walicheka mpaka wakampa jina, Mzee Mluzi. Jina hilo lilimuuma, maana shahidi wake, aliyekaa upande huo, alikuwa Mhina peke yake, na Mhina yuko kaburini.

Sasa gari lenyewe lilikuwa bubu. Turbo, kwa asiyejua, ni kidude cha chuma kilichojikunja kama konokono; moshi wa injini hukizungusha, nacho huisukumia injini hewa. Moshi huo hupita kwenye mabomba manne yanayotoka kwenye injini na kukutana mdomoni mwa turbo. Ya Shekiondo yalikuwa yameoza, na ya gari la aina ile hayakupatikana tena popote. Yalitaka kuundwa kwa mkono. Kisha daktari akamwambia goti lake la kushoto litapasuliwa mwezi ujao, na klachi hatakanyaga tena. Gari litakwenda kwa mpwa wake Mwanza. Ilibaki safari moja ya mlimani, basi.

Shekiondo akaenda bandani kwa Mama Nakijwa, muuza chakula, wakati wa chai, watu wamejaa, akaweka ahadi: "Atakayeniundia mabomba yale ndiye atakayekaa kiti cha kushoto. Akirudi, yeye ndiye atakayewaambia kama mimi mwongo."

Alisema kana kwamba kazi ile ni ya mtu mmoja. Nyinyi sikilizeni tu.

Wa kwanza kujitokeza alikuwa Mbelwa, fundi wa kuchomelea. Korogwe nzima hakuwa na mpinzani, na hakuchoka kukukumbusha. Akaja, akatazama, akaguna. Bomba, ili likunjike bila kubonyea, hujazwa mchanga, likazibwa huku na huku, likapashwa moto. Mbelwa akachota mchanga mtoni, akajaza, akaziba, akapasha. Kumbe mchanga ulikuwa mbichi. Maji yakageuka mvuke, kizibo kikafyatuka kikatoboa bati la kibanda, na bomba likachanika. Mbelwa akakaa chini, mikono kichwani.

Mama Nakijwa akaja, akatazama, akacheka kwanza. Yeye aliuza na karanga pia, na karanga hukaangwa kwa mchanga. Akampa debe la mchanga wake, uliokaangwa miaka na miaka hadi hauna hata tone la maji. Bomba la kwanza likakunjika, la pili likakunjika, la tatu na la nne yakakunjika.

Yakakunjika, lakini kuungana yakakataa. Kila Mbelwa alipokata mdomo wa bomba na kuliegemeza kwa mwenzake, lilibaki pengo la kupitisha kidole. Akakata, akapima, akatupa. Akakata tena, akapima, akatupa. Ndipo akapita Mdoe, fundi cherehani wa jirani, amefuata mkasi wake ambao Mbelwa aliuazima tangu Idi. Akaja, akatazama, akausahau mkasi.

"Fundi, hii ni mikono minne na kola moja," akasema. "Wewe unakata kwa macho."

Akalizungushia bomba karatasi, akaichora, akaikata vile anavyokata mkono wa shati unaoingia begani. Mbelwa akaufuata mstari wa karatasi. Mabomba yakakutana hata wembe haupiti.

Ikabaki kuyachomelea kwenye bamba nene linalofungwa kwenye injini. Bamba likichomelewa hivi hivi, hupinda kwa moto, na moshi huvuja. Lazima kwanza lifungwe kwa bolti kwenye injini ya aina ile ile, na ya kwake Shekiondo hakutaka moto uisogelee. Mama Nakijwa akaenda jikoni, akarudi amebeba figa lake la tatu, anatweta. Halikuwa jiwe. Ilikuwa silinda hedi, yaani kichwa cha injini panapofungwa mabomba, ya gari kama lile, lililopinduka kwenye mashindano ya zamani. Alikuwa ameipikia miaka kumi na minane, upande wa matundu ukitazama nje, kwa sababu ndimo alimochomeka miko yake. Wakafunga bamba pale. Mbelwa akachomelea siku mbili, na siku hizo mtaa haukula wali. Hedi ikapasuka, haikurudi jikoni tena.

Jumamosi asubuhi gari likawashwa. Likanguruma, tena likatoa harufu ya karanga. Shekiondo akalia mbele za watu wala hakujificha. Kisha akageuka, akawaona watatu wamejipanga upande wa kushoto.

Mbelwa alikuwa amenawa hadi viwikoni. "Mchanga na karatasi havichomelei chuma," akasema. "Mshono ni wangu. Ukiachia mlimani, mtamlaumu muuza karanga?"

Mdoe alikuwa amevaa suti. "Yeye alikuwa na vipande vinne visivyojuana. Mimi nimevifanya kitu kimoja. Halafu, Mzee, jina la Mluzi nilikupa mimi. Nikisema nimeusikia, nani atabisha?"

Mama Nakijwa alikuwa amefunga banda. "Hadithi yako umeisimulia kwenye benchi langu. Wao walicheka, mimi nilikuongezea chai. Figa langu limekufa kwa ajili ya mluzi huo, nami nije kuhadithiwa tu?"

Shekiondo akataka wapige kura. Wakakataa wote kwa pamoja. Walitaka aseme kwa kinywa chake kazi ile ilikuwa ya nani. Akamtazama mmoja mmoja, na kwa kila mmoja akaona kwamba bila huyu gari lingekuwa bubu mpaka leo. Goti likaanza kumuuma. Kiti ni kimoja, safari ni moja.

Mkono wake uko kwenye kitasa cha mlango wa kushoto, injini inanguruma, na kona ya Soni haijasogea. Msinitazame mimi, mimi nimeshamaliza ya kwangu. Je, nani alistahili kwenda kuusikia mluzi ule, na hao wawili watakaobaki barabarani mngewaambia nini?