Chaza wa Bi Kazija Forodhani

Hapo zamani, nami sisemi zamani ya majini na masultani, nasema zamani hii ya juzi ambayo hata wewe ulikuwepo, palikuwa na wanawake wa Pemba waliokuwa wakiokota chaza. Maji yakitoka, walishuka pwani. Maji yakijaa, walirudi na ndoo. Waliwachemsha chaza, wakawakausha kwa moshi, wakawatia katika vichupa vya kioo.

Na katika wote hao, mmoja tu, Bi Kazija, ndiye aliyejua kinachomiminwa juu ya chaza kichupani. Alirithi ujuzi huo kwa mama yake. Siku ya kumimina alifunga mlango, akabaki peke yake. Wenzake hawakumwuliza. Walijua hiyo ndiyo heshima yake. Bila hiyo, yeye ni mwokota chaza kama wao.

Basi mwenye hoteli mmoja wa nchi jirani akaonja, akapenda, akaagiza shehena nzima. Wanawake wakafanya kazi msimu mzima, mikono ikachanwa na magamba. Wakampa mzigo Shaame, wakala wa forodha, mtu wa hapo hapo kijijini, ausafirishe.

Sasa sikilizeni. Forodhani kila kitu kina fungu lake. Chaza aliyekaushwa kwa moshi tu yumo fungu la vitu vya baharini. Chaza huyo huyo akitiwa mafuta na viungo, amehama: yumo fungu la vyakula vilivyotengenezwa, na vibali vyake ni vingine. Shaame hakuuliza wala hakufungua kasha. Alisikia harufu ya moshi, akaandika moshi.

Mzigo ukafika ng'ambo. Afisa wa forodha, mwanamke aitwaye Zulfa, akafungua kichupa, akaona mafuta. Akauzuia.

Mkubwa wake akasema, "Maandishi yanasema hivi, chupa zinasema vile. Huu ni udanganyifu. Teketeza."

"Bosi, mdanganyifu huficha," Zulfa akajibu. "Hawa wametia kwenye kioo, kila mtu anaona. Nipe nafasi niwaulize."

"Na kama wamedanganya?"

"Adhabu iwe yangu."

Akatia sahihi kwamba dhamana ni yake, kisha akampigia simu Shaame. "Aliyesema ni chaza wa moshi tu ni nani? Ni wewe, au ni wenye mali?"

Shaame angeweza kusema ni wale wanawake. Nani angejua? Akasema, "Ni mimi. Wao hawakuniambia, wala mimi sikuwauliza."

Kwa neno hilo, leseni yake ilikuja kuchukuliwa.

"Bado haitoshi," Zulfa akasema. "Siwezi kuuhamisha mzigo fungu bila kujua kilichomo, chote."

Shaame akaenda na simu mpaka uani walikokuwa wanawake. Akawaeleza yote bila kuficha, kisha akampa simu Bi Kazija.

"Shikamoo, mama. Naitwa Zulfa, wa forodha. Naomba uniambie chaza wako unamfanyaje. Lakini nikwambie kweli: utakachosema kitaandikwa kwenye kila kichupa, na kila mtu atakisoma."

"Marahaba, mwanangu."

Bi Kazija akawatazama wenzake, akaitazama mikono yao.

"Mama yangu anisamehe," akasema. "Ni mafuta ya ufuta. Nayachemsha na makonyo ya karafuu, moto mdogo, mpaka yanukie. Nayachuja, nakamulia ndimu, natia pilipili kidogo."

"Makonyo!" mwenzake Bi Chumu akapiga kelele. "Vile vijiti tunavyovikanyaga?"

"Ndiyo hivyo hivyo, shoga," Bi Kazija akasema, machozi yakimtoka huku anacheka.

Fungu likabadilishwa, vibali vikapatikana, mzigo ukatoka salama. Wanawake wakakumbatiana, wakasoma dua ya shukrani. Kisha wakasema, shukrani ya mdomo haitoshi. Tusuke mkeka mzuri, wenye jina la aliyetuokoa ndani yake. Kila mmoja akasuka ukili wake, ule mkanda wa mkeka. Lakini mkeka hubeba jina moja.

Bi Time akasema, "Ni Zulfa. Yeye hatujui, sisi hatumjui, akajitia hatarini kwa ajili yetu. Angetii tu, chaza wetu wangekuwa majivu."

"Na ndiye aliyeuzuia mzigo!" mwingine akamjibu. "Mimi nasema Bi Kazija. Zulfa angeweza kupoteza, hakupoteza. Bi Kazija kapoteza kweli. Leo kila nyumba inachemsha makonyo."

Bi Kazija akatikisa kichwa. "Siri ile ningekufa nayo, ikapotea. Niacheni mimi."

"Basi ni Shaame," akasema Bi Chumu. "Angetusingizia, tungeitwa wadanganyifu. Sasa hana leseni, anabeba ndoo pamoja nasi."

Shaame, ndoo mkononi, akainamisha kichwa. "Msinitie mimi, mama zangu. Nilitengeneza nilichokiharibu mwenyewe."

"Wangapi huharibu wakanyamaza?" Bi Chumu akamwuliza.

Mpaka leo wanabishana, na wanabishana kwa furaha, maana wote watatu wanawapenda. Ukili wote umeshasukwa, umebaki ule wa jina. Nanyi mnaonisikiliza, ukindu wa kusukia huu hapa, shikeni. Je, mtasuka jina la nani?