Kompyuta Nane na Barua Moja ya Kazi

Hapo zamani, na sisemi zamani ya mababu, nasema juzi tu, enzi ambazo watu walikuwa bado wanaitia degree kwenye fremu na kuitundika sebuleni, palikuwa na mji mdogo chini ya milima, na mto wenye tabia mbaya.

Mvua ikinyesha milimani leo asubuhi, maji yako sokoni kesho asubuhi. Siku moja. Kando ya mto palikuwa na kituo cha kupima mafuriko, na ndani ya kituo kompyuta moja. Uliilisha vipimo vya mvua, nayo ikakokotoa maji yatafika wapi. Siku tatu. Hesabuni wenyewe. Mto siku moja, kompyuta siku tatu. Utabiri ulikuwa unatoka kwenye printa watu wameshaanika magodoro.

Mkurugenzi wa kituo, Daktari Mwasaru, mama mfupi asiyecheka, akasikia kuna ofisi imetupa kompyuta nane kuukuu. Akazibeba. Kisha akatangaza kazi: Afisa wa Mifumo, nafasi moja, permanent and pensionable, yaani ya kudumu na yenye pensheni. Maneno hayo ukitaka kumtajia graduate wa siku hizi, mpe kiti kwanza. Waliomba mia nne na kitu. Wakachujwa, wakachujwa tena, wakabaki watatu.

Wa kwanza Mghoi, binti mwenye mikono isiyotulia, miaka mitano tangu avae joho. Wa pili Jilo, kijana mwenye maneno mengi, miaka minne. Wa tatu Nafuna, dada wa maneno machache, miaka sita, na kila interview aliambiwa vilevile: tunataka mwenye experience. Experience aitoe wapi, kwa duka la jumla?

Daktari Mwasaru akawaambia, "Hizi kompyuta ni nane na ni mbovu. Nataka nane zifanye kazi kama moja, ili hesabu ya siku tatu iishe kwa saa chache. Mna wiki sita. Kazi ni moja. Atakayestahili nitamwandika."

Najua mnachotaka kuuliza. Hapana, hakuwa na mpwa. Ndiyo maana nikaanza na hapo zamani.

Basi wakaingia kazini. Mghoi akazifungua zote nane, akapuliza vumbi, akatoa mende, akang'oa kumbukumbu ya hii akaipa ile. Akaweka Linux, ile programu ya bure ya kuendeshea kompyuta, kwa zote. Akazifunga waya kwenye swichi moja, akazipa anwani, akazipa na majina. Na kwa kuwa walikuwa na njaa, wakaziita vyakula ambavyo hawakuwa wamevionja tangu graduation: Pilau, Kuku, Samosa, Mshikaki, hadi zikaisha nane. Pilau ndiyo iliyokuwa kiongozi. Ukiiamuru Pilau, inawagawia wenzake kazi.

Jilo akachukua diski zilizobaki nzima, akaziunganisha zikawa ghala moja. Faili ukiliweka ukiwa kwenye Pilau, unalikuta kwenye Samosa, unalikuta kwenye Kuku. Na kila siku jioni, bila kutumwa na mtu, alinakili ghala lote kwenye diski ya pembeni akaifungia kwenye kabati.

"Unanakili nini kila siku, bana? Hakuna mtu anaiba hapa," Mghoi akamtania.

"Siogopi mwizi, namwogopa binadamu," akasema Jilo.

Nafuna alipewa milango: nani anaingia, nani anaruhusiwa kugusa nini. Mtu awe na jina moja na password moja, na kompyuta zote nane zimtambue. Lakini milango ilibidi isubiri ghala, na ghala lilisubiri waya. Wakati akisubiri, wenzake walitaka kuanza kazi. Wakajiandikisha wenyewe kwa mkono, kompyuta moja moja.

Hapo ndipo palipoingia uchawi wa majivuno. Kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza kuandikishwa. Kwenye Pilau akatangulia Mghoi. Jilo akasema, "Aa, huwezi kutangulia kote, hii sio harusi ya kwenu." Kwenye Samosa akatangulia Jilo. Wakagawana kwa haki: Mghoi wa kwanza kwa tatu, Jilo wa kwanza kwa tatu, na Nafuna wakamwachia mbili ili asinune.

Sasa sikilizeni. Kompyuta haikujui kwa jina. Jina ni la kumfurahisha binadamu. Yenyewe inakupa nambari: wa kwanza kuandikishwa ni 1000, wa pili 1001, wa tatu 1002. Na kila faili linabandikwa nambari ya mwenyewe. Kwa hivyo kwenye Pilau, 1000 ni Mghoi. Kwenye Samosa, 1000 ni Jilo. Kompyuta zikiwa kila moja kivyake, hakuna neno. Ghala likiwa moja, faili la Mghoi ukilitazama kutoka Samosa linasema, mimi ni la Jilo.

Nafuna aliliona siku ya pili baada ya uandikishaji huo. Akasema, "Jamani, hizi nambari zitatugonganisha. Tuzifute tuanze na orodha moja."

Jilo akacheka. "Madam lecturer! Lesson imeanza."

Mghoi akasema, "Nafuna, tukianza kufuta sasa tutamaliza lini? Wewe subiri zamu yako."

Nafuna akarudi mezani kwake. Akachukua daftari, akaandika: Pilau, 1000 ni fulani. Samosa, 1000 ni fulani. Zote nane. Akafunga daftari, na hakulisema tena.

Wiki ya sita, Alhamisi asubuhi, zamu ya Nafuna ikiwa bado haijafika, milima ikafunga weusi. Vipimo vya mvua vikaanza kuingia kwa simu, na havikuwa vya kawaida; mlinzi wa kipimo cha juu mlimani alisema chombo chake kimejaa akakimwaga kikajaa tena. Daktari Mwasaru akaingia akasema, "Leo sio majaribio. Nyumba mia tatu ziko bondeni. Niambieni maji yatafika wapi kabla jua halijazama."

Jilo alikuwa ameketi kwenye Samosa. Akaona ghala limejaa majaribio yake ya zamani. Akaamua kufagia apate nafasi. Akaiambia kompyuta: tafuta kila kilicho cha Jilo, futa. Kompyuta haikukosea. Kwake Jilo ni 1000. Ikafuta kila kilichobandikwa 1000.

Mghoi akapiga yowe. "Ramani yangu! Ramani ya mto iko wapi?"

Ramani hiyo Mghoi aliipima kwa miguu yake, wiki tatu ndani ya tope, kila kona ya mto na kina chake. Bila ramani, mvua yote ile ni maji tu yasiyo na pa kupita.

"Ni mimi," Jilo akasema. "Nilifuta vyangu tu. Wallahi vyangu tu."

Nafuna akaweka daftari mezani, likiwa wazi. Wakasoma. Mghoi akainua macho polepole.

"Kwa hivyo ulijua?"

"Nilisema."

"Mara moja!"

"Ulitaka niseme mara ngapi? Niimbe?"

"Mkimaliza kugombana," Daktari Mwasaru akasema kutoka mlangoni, "mto haujamaliza."

Jilo akakimbilia kabati. Akatoa diski yake ya jana jioni, akairudisha ramani yote, nukta kwa nukta. Wakawasha hesabu. Dakika mbili hazikufika. Kompyuta tano zikagoma kuisoma ramani: huruhusiwi, huruhusiwi, huruhusiwi. Nambari tena.

"Toeni mikono," Nafuna akasema. Akafuta uandikishaji wote wa mkono. Akaweka orodha moja kwenye Pilau, akaziamuru nyingine saba zisome hapo na pengine popote zisisome. Kisha akapitia maelfu ya faili, akilifuata lile daftari, kila faili akalirudishia mwenyewe. Saa moja unusu, bila kuinua kichwa. Akaandika jina lake na password yake mara moja, na milango minane ikafunguka.

Wakawasha tena. Nane zikanguruma pamoja. Kisha Mshikaki ikatoa moshi. Boksi yake ya kuingizia stima ilikuwa imeungua, na zile saba zilizobaki hazikuwa na kumbukumbu ya kutosha kuibeba ramani ile.

Mghoi akatoka mbio kama alivyo, viatu mkononi. Chumbani kwake alikuwa na kompyuta moja, ndiyo iliyomlisha miaka mitano, akiwachapia watu wa mbali, kupitia mtandao, mazungumzo yao waliyoyarekodi, kwa mapeni. Akaifungua, akang'oa boksi yake, akarudi analia na kukimbia, akaifunga kwenye Mshikaki. Ilikuwa imeundwa kwa mashine nyingine, ikabidi akate waya na kuunga upya. Iliwaka. Ile ya nyumbani haikuwaka tena.

Wakawasha mara ya tatu. Ilichukua saa tatu na dakika arobaini tu! Hesabu ya siku tatu, jamani, kwa mashine zilizotupwa, na watu waliotupwa! Saa kumi alasiri jibu likatoka: maji yatapita sokoni, yatafika mlango wa pili wa shule, yatasimama hapo.

Simu zikapigwa, vipaza sauti vya msikiti na kanisa vikatangaza, chifu akatembea mlango kwa mlango. Watu wakahama na mbuzi, na magunia, bibi mmoja akahama na mlango wa nyumba yake aliouwekea kufuli jipya. Kulipokucha mto ukashuka na hasira zake zote, ukapita sokoni, ukafika mlango wa pili wa shule. Utabiri ulikosea kwa shibiri moja. Nyumba mia tatu, hakuna maiti hata moja. Nasema tena, hata moja. Watu wa mji wakaja kituoni na sufuria la pilau la kweli, wakataka waonyeshwe hiyo Pilau ya chuma, na mzee mmoja akaigusa kwa heshima kama anamsalimia mkwe.

Jumatatu Daktari Mwasaru akawaita. Mezani barua moja, imepigwa muhuri, pengo la jina likiwa tupu.

"Semeni," akasema.

Mghoi akasema, "Kazi ni yangu. Bila mimi, ghala la Jilo lingekuwa kwenye nini? Milango ya Nafuna ingefungua nini? Nilifufua maiti nane. Ramani ni miguu yangu. Na mashine iliyokuwa inanilisha nimeitoa, leo sina hata ya kuandikia CV."

Jilo akasema, "Kazi ni yangu. Bila mimi, ramani ingekuwa hadithi. Ndiyo, nilifuta mimi, sikatai. Lakini nani kati yenu alikuwa na nakala? Mlinicheka kila jioni. Ningekuwa kama nyinyi, leo tungekuwa tunazika."

Nafuna akasema, "Kazi ni yangu. Bila mimi, mngekuwa na ramani isiyosomeka na kompyuta zisizowajua. Na niliona kabla ya wote. Mimi peke yangu sikuharibu kitu."

"Hukuharibu?" Mghoi akamgeukia. "Uliona shimo, ukalichora vizuri kwenye daftari, ukakaa ukingoja nani atatumbukia!"

"Na nani aliniambia nisubiri zamu yangu?"

"Na nani alitaka kuwa wa kwanza kila mahali?" Jilo akadakia.

"Wewe!" wakamjibu wote wawili.

Daktari Mwasaru akasema, "Basi pigeni kura wenyewe. Mkikubaliana, naandika." Akawapa vikaratasi. Akavikunjua mbele yao: Mghoi kura moja. Jilo kura moja. Nafuna kura moja.

Akaweka kalamu juu ya barua akatoka nje kupunga upepo, kwa maana hata yeye, na udaktari wake wote, hakujua.

Na msiniletee jibu la waajiriwe wote watatu. Hilo ni jibu la kampeni. Nafasi ni moja, kama zilivyo nafasi zote nchini, na saa sita mchana ofisi ya juu inafunga dirisha la majina.

Mwenye mikono aliyetoa chake cha mwisho? Aliyeharibu, lakini peke yake ndiye aliyekuwa amejiandaa kwa uharibifu? Au aliyeona yote, akasema mara moja, akanyamaza, kisha akafungua milango yote?

Kalamu ile pale. Je, wewe ungeandika jina la nani?