Matone ya Nuhu

Isome taratibu, usiikimbize, kisha mtumie yeyote anayelea mtoto mdogo.

Hidaya na Mrisho walijaliwa mtoto wa kiume, Nuhu, aliyezaliwa na hali ya Down. Wenzake wakikimbiza kuku uani, yeye ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Daktari aliwaeleza mapema kwamba hali hiyo haina dawa ya kuiondoa, mtoto atakua kwa mwendo wake. Wakaitikia kwa vichwa, pamoja na bibi mzaa baba. Kuitikia ni rahisi.

Basi Nuhu akaanza kukataa chakula. Akawa anatapika, tumbo limefunga, mashavu yanapungua. Hidaya aliingiwa na hofu hata uji ukawa unamuungulia jikoni. Kila mtoto alipolala, alimwekea mkono kifuani kuhakikisha anapumua. Mrisho naye akawa hali chakula. Bibi alisali mpaka sauti ikamkauka.

Wote watatu wakampeleka hospitali. Daktari wa zamu, mama wa makamo, akauliza mtoto anapewa dawa gani. Kila mmoja akajibu upesi kwamba hakuna.

Daktari akampokea Nuhu ili amsikilize moyo. Alipofika tu mikononi mwake, Nuhu akapanua mdomo, akatulia, akisubiri.

"Hebu mbebe wewe, baba Nuhu," daktari akasema.

Mrisho akambeba. Mdomo wazi. Hidaya naye akambeba. Mdomo wazi.

"Huyu mtoto mnampa nini kila mkimbeba?"

Hidaya alianza kulia kabla hajajibu. Akatoa mkobani chupa ya matone ya vitamini, aliyosikia kwamba yanaamsha akili. Mrisho akaitazama, kisha kwa aibu akatoa yake mfukoni. Bibi akafungua fundo la khanga, na humo mlikuwa na chupa nyingine. Kila mmoja alikuwa akimpa kwa siri, akiogopa wenzake wajue kwamba bado anatamani mtoto abadilike. Wahenga walituonya juu ya mficha maradhi, hawakutuambia habari za mficha dawa.

"Vitamini zikizidi ni sumu," daktari akasema. "Acheni zote. Tutampima damu na kumtundikia maji, na naamini atapona. Lakini hakuna tone litakalowaletea mtoto mwingine. Ni huyu."

Bibi akanyoosha mikono, akapewa mjukuu wake. Nuhu akapanua mdomo.

"Leo sina kitu, mume wangu," bibi akamwambia, kwa utani wake wa siku zote, machozi yakimtiririka. "Nimekubeba tu."

Nuhu aliendelea kusubiri, mdomo wazi.

Funzo: Mnaolea mtoto mmoja, semezaneni hofu zenu kabla hazijamdhuru, na mbebeni mtoto kwa kuwa ni wenu, asije akadhani hubebwa ili arekebishwe tu.