Ukuta Uliotoa Jasho Juu ya Ufuo

Sogeeni wanangu, na aliyeegemea ukuta ajitenge nao kidogo, maana habari ya leo ni ya ukuta.

Huko Pemba, Bi Mize alikuwa na watu watatu. Bintiye Time alijaliwa masikio: sisimizi akitembea darini humsikia. Mwanawe Kombo alijaliwa moyo, hofu hakuijua. Na Chumu, mke wa Kombo, alijaliwa mikono. Chokaa ikimwona hutulia.

Mume wa Bi Mize, fundi Faki, alifia chumbani mwake. Akaoshewa humo humo juu ya ufuo, lile shimo linalochimbwa kupokea maji ya kuoshea maiti, kisha kufukiwa. Hata arubaini haijatimia, ukuta wa pale ukaanza kutoa jasho. Unyevu ukapanda, ukapanda, hadi kimo cha mtu. Nguo zikaota ukungu sandukuni, Bi Mize akawa mtu wa kukohoa tu.

"Mama, eda ikiisha nakuchukua kwangu Wete," Time akasema.

"Nimwache baba yako akilia ukutani peke yake?"

Bi Mize akaahidi: atakayekikausha chumba ili yeye asihame, atapewa tezo ya Faki ya kuchongea mbao, iliyotundikwa bandani uani. Wote watatu waliitaka, maana mpini wake ulikuwa na mabonde ya vidole vya mzee.

Time akalaza sikio ukutani, mvua ilipoanza hadi ilipokatika. "Bati la banda limetoboka," akasema. "Maji yanamwagika nyuma ya ukuta, yanafuata udongo uliolegea wa ufuo."

"Masikio hayo!" Chumu akacheka. "Ndiyo maana siri za mtaa mzima unazo, wifi."

Bati likazibwa, lakini maji yaliyokwisha kuingia yalikuwa yameingia. Ikabidi ufuo ufukuliwe. Vibarua wawili wakaja, wakaonyeshwa mahali, mara wakakumbuka wana msiba kwao. Kombo akapiga bismillahi, akashika jembe. Alitoa tope jeusi linalonukia karafuu maiti aliyooshewa mzee. Akashindilia kifusi kikavu, akachimba na mfereji nje.

Jasho halikukoma. Chumu akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. "Nani kapaka saruji hapa? Mawe haya ya chokaa yatapumulia wapi?"

Kombo akakuna kichwa. "Mimi. Kwa harusi yetu, uone kuzuri."

"Ungeniuliza, mume wangu." Akaibandua yote, akapaka chokaa, tabaka kwa tabaka, kila moja akilingojea likauke.

Bi Mize akaweka kiganja. Pakavu. Kikohozi kikamwacha. Ila chumba kilikuwa kimya mno.

"Faki?" akaita taratibu.

Adhuhuri moja wamekaa uani wote wanne, wakasikia kutoka bandani: ko, ko, ko. Ni tezo, inachonga.

Bi Mize akafungua mlango. Hamna mtu. Bati zima, sakafu kavu, mbao kavu. Tezo imo kwenye msumari wake, na katika yale mabonde ya vidole maji yamejaa, yanadondoka.

"Mama," Kombo akauliza pale mlangoni, miguu haiendi, "unampa nani?"

Bi Mize hajajibu hadi leo. Aliyesikia, aliyefukua, au aliyepaka? Je, wewe ungeamua vipi? Na huyo utakayemtaja, utamwambia aingie akaishike?